Usiku Mmoja Mchangani: Mwongozo Kamili wa Wikendi ya Sahara kwa Mwanafunzi wa Lamu au Malindi Aliyeko Moroko

Kila likizo wanaporudi wanafunzi wetu walioko Moroko, barazani hakosi mmoja wa kuhadithia safari yake ya jangwani, na hadithi ni ile ile. Waliondoka Jumamosi asubuhi, wakafika usiku wa manane, wakalala wakitetemeka, wakaamshwa alfajiri hata usingizi haujawakolea, wakarudi Jumanne na pesa ya mwezi mzima imekwisha. Wengine hawakufika kabisa. Walipelekwa kwenye tambarare la mawe wakaambiwa ndiyo Sahara, wakapiga picha.

Mimi nami safari ya kwanza iliniharibikia. Nilikwenda na fikira za mtu wa Lamu: mchanga naujua, vilima vya Shela nimevipanda tangu sijaota meno ya mbele. Fikira hizo ziache nyumbani. Shela ukichoka unashuka pwani, unapanda mashua, unarudi mjini kunywa chai. Kule mashua hakuna.

Mwongozo huu ni wa wanaosoma Fes, Meknes au Ifrane. Walioko Rabat na Casablanca wapande treni hadi Fes, kisha wafuate hatua hizi hizi. Walioko Marrakech wasome hatua ya 1 mara mbili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kukata tiketi

- Pasipoti, na kadi ya ukaazi kama umeshaipata. Mgeni anapolala hotelini au kambini hujazishwa fomu ya polisi. Picha iliyo kwenye simu usiitegemee.
- Dirhamu taslimu, noti ndogo ndogo. Zitoe Fes. Ukikosa kabisa, Erfoud na Rissani kuna mashine za benki, lakini basi la usiku halitakungoja upange foleni.
- Koti zito, soksi za sufu jozi mbili, kofia ya kufunika masikio. Ndiyo, jangwani. Sababu iko hatua ya 9.
- Kitambaa cha kilemba, mita tatu au zaidi. Leso ni fupi. Kikoi afadhali kidogo. Soko la Rissani vimejaa, ila wewe utafika Rissani Jumapili, na kilemba unakihitaji Jumamosi. Nunua Fes.
- Suruali pana. Dada zangu, buibui na ngamia havipatani. Miguu hutanuka na upepo huingia kila upande. Vaa suruali ndani, na buibui jepesi la kufunguka mbele juu yake.
- Viatu vya kufunika vidole, na kandambili za kijijini.
- Tochi ya kuvaa kichwani, maana mkono mmoja utakuwa umeshika blanketi.
- Maji, lita 3 kwa kila mtu kwa siku. Ongeza kijaruba cha chumvi na kingine cha sukari.
- Miwani. Anayevaa lenzi ndani ya macho aziache chumbani. Chembe moja ya mchanga inatosha kumharibia usiku.
- Pakiti za plastiki za kufungika, moja kwa kila simu, na betri ya akiba.

Usichukue droni. Moroko hairuhusu kurusha droni bila kibali, na forodhani hunyang'anywa.

## Hatua ya 1: Hakikisha unakokwenda kuna mchanga

Neno "jangwa" huuzwa na kila duka la safari Moroko. Lakini sehemu kubwa ya Sahara yenyewe ni mawe na changarawe. Matuta ya mchanga unayoyaona kwenye picha yako mahali pachache tu, na ni juu yako kutaja jina la mahali.

Majina utakayoyasikia ni haya.

Agafay iko karibu na Marrakech, mwendo wa saa moja hivi. Ni vilima vikavu vya mawe, na wala si Sahara. Pazuri kwa chakula cha jioni.

Zagora ni kilomita 360 hivi kutoka Marrakech, kutwa nzima garini kupitia milimani. Matuta ya karibu yake ni madogo. Makubwa ya upande ule, Erg Chigaga, yako ng'ambo ya M'Hamid, na bila gari la kuvuka mchanga huyafiki. Kwa wikendi, yasahau.

Merzouga ndiko tunakokwenda. Matuta yake yaitwa Erg Chebbi, marefu yake hufika mita 150, nayo huanza pale pale kijiji kinapoishia. Kutoka Fes ni kilomita 470 hivi na basi la usiku hukushusha kijijini. Kutoka Marrakech ni kilomita 560 na milima mirefu katikati. Wa huko atafute siku tatu au asiende.

Sisi mara ya kwanza tulinunua safari katika duka moja la Marrakech. Kwenye karatasi iliandikwa "usiku chini ya nyota za jangwa". Baada ya mwendo mfupi dereva akasimama akasema tumefika. Nikamuuliza mchanga uko wapi. Akanionyesha lundo la mchanga wa kujengea.

Tahadhari: usilipe hata dirhamu moja kabla ya jina Merzouga au Erg Chebbi kuandikwa kwenye makubaliano.

## Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa jua, kisha kwa mwezi

Msimu mzuri ni Oktoba na Novemba, au Machi na Aprili. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40, na wakati huo wenyeji huzika wagonjwa wa baridi yabisi mchangani ili wapone. Wewe huna baridi yabisi. Disemba na Januari mchana huwa mzuri, lakini usiku hukaribia sifuri, na theluji yaweza kufunga njia ya milimani. Machi na Aprili zina kasoro moja: pepo za mchanga.

Ukishapata msimu, tazama mwezi mwandamo. Hapa watu wengi hawafikirii, ingawa sisi tumelelewa tukihesabu mwezi kwa ajili ya mfungo na bamvua.

Ukitaka nyota, nenda tarehe 27 hadi 2. Ukitaka kuona matuta usiku kama mchana, nenda tarehe 13 hadi 15. Usitarajie vyote viwili: mbalamwezi hufuta nyota. Mimi nachagua giza. Wenzangu wa Malindi walichagua mbalamwezi kwa sababu ya picha, tukagombana wiki nzima.

Ramadhani ina jambo lake. Tangu 2018 Moroko hukaa saa moja mbele ya Greenwich mwaka mzima, isipokuwa Ramadhani, ambapo saa hurudishwa nyuma kisha baada ya mfungo hupelekwa mbele tena. Wikendi ya mabadiliko hayo usisafiri, maana ratiba hubadilika na hutajua saa ya simu yako ni ipi.

## Hatua ya 3: Kusanya watu sita

Si watano, si saba. Sita.

Sababu ni teksi. Teksi kubwa za Moroko, zile za kutoka mji hadi mji, huchukua abiria sita. Mkiwa sita mnaijaza, mnaondoka saa mnayotaka, hakuna kungoja. Mkiwa watano mtalipia kiti kitupu au mtangoja mtu asiyejulikana atakuja lini. Mkiwa saba, mmoja atabaki stendi akiwapungia mkono.

Sita ni hesabu nzuri pia kwa mahema, na ni kundi la kutosha kupatana bei bila kuwa jeshi.

Kundi letu lilikuwa wasichana wanne na wavulana wawili, mmoja wao ndugu yangu wa baba na mama. Nasema hivi kwa sababu wazazi wengi wa Lamu watauliza nani na nani, na ni bora jibu liwe tayari kabla ya simu kupigwa.

Chagua mweka hazina mmoja. Kila mtu ampe pesa zake zote za safari siku ya Alhamisi. Ukingoja kukusanya Jumamosi kambini, kuna atakayesema kadi yake haifanyi kazi. Daima yuko.

Umefaulu ikiwa Alhamisi usiku mna majina sita, pesa za watu sita, na mtu mmoja asiyesafiri aliyebaki Fes anajua mnakwenda wapi na mnarudi lini.

## Hatua ya 4: Patana na kambi kwa maandishi

Kambi za Erg Chebbi ni nyingi na nyingi ni za wenyeji wa Merzouga na Hassilabied, kijiji cha jirani upande wa kaskazini. Waandikie siku kadhaa kabla, uulize haya, ujibiwe moja moja:

Kambi iko ndani ya matuta au ukingoni? Za ukingoni unalala ukisikia jenereta la hoteli.

Ngamia ni mmoja kwa kila mtu, au mnapokezana?

Chakula cha usiku na cha asubuhi vimo ndani ya bei?

Mablanketi ni mangapi kwa kitanda? Jibu zuri ni matatu.

Tukifika alfajiri, tuna pa kupumzika kijijini, pa kuoga, na pa kuacha mizigo? Hili ndilo wanafunzi husahau, na ndilo linaloamua kama Jumamosi yenu itakuwa safari au adhabu.

Wasichana waandike wazi kwamba wanataka hema lao peke yao. Usione haya, wenyeji ni Waislamu kama sisi na ombi hilo halimshangazi mtu.

Katika kupatana, "bezzaf" ni "nyingi mno", na "wakha" ni "sawa". "Safi" nalo lipo, lakini kwao maana yake ni "basi, imetosha". Ndugu yangu alikuwa akisifu kila kitu kwa "safi, safi", na kila akisifu wanaondoa sahani. Alilala njaa kidogo.

Lipa amana ndogo tu. Kilichobaki kilipwe kijijini, baada ya kuona.

## Hatua ya 5: Ijumaa usiku, lala barabarani

Hili ndilo jambo lenyewe la mwongozo huu. Anayeondoka Jumamosi asubuhi hutumia mwanga wote wa Jumamosi dirishani mwa gari, afike usiku, asione kitu. Jumapili asubuhi anageuza kurudi. Amelipia jangwa akapewa barabara.

Njia ni saa nane hivi kwa gari dogo, na basi huchukua zaidi. Saa hizo zitoe usiku, si mchana: Ijumaa usiku ndani ya basi, Jumamosi usiku mchangani, Jumapili usiku ndani ya basi tena. Jumatatu asubuhi uko Fes.

Kampuni ya Supratours ina basi la usiku kutoka Fes hadi Merzouga, linalofika alfajiri. Kata tiketi za kwenda na kurudi pamoja, siku tatu nne kabla, kwa sababu la kurudi Jumapili hujaa. Saa ya kuondoka iulize pale pale kituoni.

Koti usiliweke kwenye buti ya basi. Basi hupanda milima ya Atlasi ya Kati, kwenye njia iliyo juu ya mita 2,000, na hupitia nchi ya Ifrane, mji uliopimwa baridi kali kuliko yote Afrika: nyuzi 23.9 chini ya sifuri, mwaka 1935. Mtu wa Malindi aliyevaa fulana tu atalijua hilo saa sita usiku.

Njia ina kona nyingi. Anayetapika baharini atatapika na huku. Kaa mbele, kula kidogo, tangawizi mfukoni.

Tahadhari: kituoni atakuja mtu mpole sana akuambie basi la leo limefutwa, au kambi yenu imefungwa, lakini yeye ana binamu mwenye gari. Mshukuru, endelea kukaa.

## Hatua ya 6: Jumamosi mchana, usifanye kitu

Mtashuka alfajiri, macho mekundu, na matuta yatakuwa pale mbele yenu yakigeuka rangi. Kila mtu atataka kukimbilia juu. Zuieni miguu.

Nendeni kwenye nyumba ya mwenye kambi, mpige mswaki, mle, mlale hadi adhuhuri. Ngamia huondoka alasiri, saa mbili hivi kabla ya jua kuzama. Asiyelala atasinzia juu ya ngamia, na juu ya ngamia hakuna pa kusinzia.

Kunywa maji pole pole tangu asubuhi. Hewa ya kule ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona. Lamu shati likilowa unajua umetoa maji. Merzouga shati ni kavu na wewe umekwisha. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa.

Chaji simu, pakua ramani ndani ya simu, mpigie mama. Kambini mtandao huja na kupotea.

## Hatua ya 7: Kumpanda ngamia bila kuanguka

Ngamia wa huku ni wa nundu moja, na huinuka miguu ya nyuma kwanza. Ndiyo kusema utarushwa mbele ghafla. Wengi huanguka hapa, sekunde mbili tangu kuanza safari.

1. Panda akiwa amelala. Shika chuma cha tandiko kwa mikono miwili. Simu iwe mfukoni, imefungwa.
2. Anapoanza kuinuka, lala nyuma. Usingoje kuambiwa.
3. Njiani legeza kiuno, umfuate mwendo wake kama unavyofuata mashua kwenye mawimbi. Ukijikaza, mapaja yatakulaumu Jumatatu.
4. Akishuka tuta, lala nyuma tena.
5. Akipiga magoti kukushusha, hutangulia miguu ya mbele, kwa hivyo lala nyuma mara ya tatu.

Hakuna vikanyagio, miguu inaning'inia tu. Baada ya saa moja hufa ganzi. Ruhusa kushuka na kutembea. Mimi nusu ya njia nilitembea na sikupungukiwa na chochote.

Mkague mnyama kabla ya kupanda. Mwenye kidonda chini ya tandiko, sema hapana, udai mwingine.

Pikipiki za magurudumu manne utashawishiwa nazo pia. Kelele zake zinafika mbali, na hupinduka juu ya matuta. Sizipendi, na sijifichi.

## Hatua ya 8: Kupanda tuta

Hapa ndipo mtoto wa mabaharia ana faida, akikumbuka aliyofundishwa.

Kila tuta lina joshini na demani. Joshini, upande unaopigwa na upepo, mchanga umeshindiliwa na mteremko ni wa pole. Demani ni mwinuko mkali wa mchanga uliolegea. Ukikanyaga unazama hadi goti, hatua mbili juu, moja chini. Wageni wote hupanda demani kwa sababu inaonekana fupi. Panda joshini, ufuate ukingo wa juu kama unavyotembea juu ya ukuta, na demani iache kwa kuteremkia, mbio.

Vua viatu jioni, vaa asubuhi ya baridi. Mchana wa jua kali usijaribu miguu mitupu, mchanga unaunguza.

Ukiwa nyumbani likizoni jizoeze, Shela au Mambrui. Lakini Shela usikanyage majani yanayoshika vilima, maana mchanga ule ndio unaohifadhi maji ya visima vya mji wa Lamu. Erg Chebbi hauna deni hilo, teleza upendavyo.

Umefaulu ikiwa mko juu robo saa kabla ya jua kuzama, pumzi zimerudi, na mnaiona kambi yenu kwa macho. Ikiwa hamuioni kambi, mmekwenda mbali. Shukeni kabla ya giza.

## Hatua ya 9: Usiku

Mchana nyuzi 25, usiku nyuzi 5: siku moja, mahali pamoja. Sababu ni ukavu. Kwetu hewa ya bahari imejaa mvuke na mawingu, navyo hushika joto usiku kucha kama blanketi. Sahara mvuke ni haba. Jua likizama mchanga huachia joto lake lote angani, na saa nne usiku utajuta kila kitu ulichokiacha Fes.

Vaa kabla hujasikia baridi. Badilisha soksi, zile za mchana zina jasho, na jasho huwa baridi kama barafu. Blanketi moja litandike chini yako, kwa sababu baridi ya kitanda hutoka chini. Mara yangu ya kwanza nilijifunika leso mbili nikajiona nimejitosheleza. Nilikaa karibu na moto hadi kukawa hakuna moto.

Chakula huwa tajine, nyama na mboga za kupikwa pole pole katika chungu cha udongo, na chai ya mnanaa. Chai ya kwanza ukikataa, umemkataa aliyeipika.

Kwa anayeswali: Lamu kibla ni kaskazini, na mwili umezoea. Merzouga kibla ni mashariki, linakochomoza jua. Andika alama mchangani kabla ya giza, maana usiku kila upande unafanana.

Kisha zima tochi zote dakika ishirini. Macho yanahitaji muda huo. Tafuta nyota saba zilizopangika kama upawa. Mbili za mwisho wa bakuli zinaelekeza kwenye nyota ya kaskazini. Lamu hatuioni kamwe, imezama nyuma ya upeo wa macho. Merzouga, nyuzi 31 kaskazini mwa ikweta, iko juu kiasi cha thuluthi ya njia hadi utosini. Mwezi wa Novemba upawa huwa chini mno mapema usiku. Ungoje karibu na alfajiri.

Nyota hiyo si ya mapambo. Vijiji viko magharibi ya matuta. Mashariki ni mpaka wa Aljeria, uliofungwa tangu 1994, na huko hakuna wa kukukaribisha. Ukiwa umeiweka nyota ya kaskazini mkono wa kulia, unatazama magharibi, kwa watu.

Ukienda haja, enda na mwenzako na tochi. Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Nge hupenda joto la kiatu kama wewe.

## Hatua ya 10: Jumapili

Amkeni kabla ya jua, pandeni tuta, tazameni, shukeni. Mchunga ngamia mpeni bakshishi mkononi mwake mwenyewe, si kwa mwenye kambi. Takataka zote zirudi nanyi kijijini.

Mkishaoga na kula, teksi yenu ya watu sita iwapeleke Rissani, chini ya saa moja. Soko lake hufanya kazi Jumanne, Alhamisi na Jumapili, kwa hivyo siku yenu imeangukia pazuri. Nunueni tende, hii ndiyo nchi ya Tafilalt, na tende zake zina jina Moroko nzima. Kuleni medfouna, mkate uliojazwa nyama, vitunguu na viungo. Mkate wa mayai wa kwetu ni binamu yake wa mbali.

Wapenda ngoma wanaweza badala yake kwenda Khamlia, kijiji kidogo kusini ya Merzouga, kwa Wagnawa, ambao mababu zao waliletwa utumwani kutoka kusini ya Sahara. Ukisikia ile midundo na wewe ni mtu wa pwani, hutakaa kitako. Vyote viwili kwa siku moja haviwezekani kwa utulivu. Chagueni kabla ya kushuka ngamia.

Rudini Merzouga saa mbili kabla ya basi. Si saa moja. Teksi hupata pancha.

## Mambo yakiharibika

Upepo wa mchanga. Usipande juu, usikimbie. Kaeni pamoja chini, migongo kwenye upepo, kilemba kimeloweshwa kidogo puani na mdomoni. Ngamia akilala, kaeni nyuma yake. Ukipita, hesabuni watu: sita.

Umepoteza kambi usiku. Kaa pale ulipo, juu ya ukingo wa tuta, washa tochi kisha zima, washa kisha zima. Anayetembea huzidi kupotea. Magharibi yako yangoje asubuhi.

Kichwa kinauma, kichefuchefu, hutoki jasho. Kivuli, lala, miguu juu. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nywa funda kwa funda. Akianza kuropoka au kushindwa kusimama, hiyo si ya kungoja tena.

Nambari za simu. Vijijini na barabarani ni askari wa Gendarmerie, 177. Mjini polisi ni 19. Gari la wagonjwa ni 15. Ziandike kwenye karatasi pia. Simu hufa kwa baridi upesi kuliko unavyodhani, kwa hivyo usiku ilaze ndani ya blanketi, karibu na mwili.

## Jumatatu alfajiri

Basi litawashusha Fes kabla ya darasa la kwanza. Mweka hazina agawe kilichobaki hapo hapo kituoni, mbele ya wote, kabla hamjatawanyika.

Mkoba ukung'utie nje, mlangoni, si chumbani. Mchanga ule ni laini kuliko wa Shela, huingia kwenye mishono na matundu ya simu, na baada ya miezi miwili utakuwa bado unaupata ndani ya mto wa kulalia. Simu usiichaji kabla ya kusafisha tundu lake kwa brashi kavu. Kuipuliza kwa mdomo kunaingiza mate. Koti la kuazima mrudishie mwenyewe siku hiyo hiyo, limefuliwa au halijafuliwa, maana Ijumaa ijayo kuna kundi jingine linalotoka na wao ni sita.